Nilifuta postnom ili dirisha lipendeze

Mama Noëlla wa ukurasa wa ushauri, nakuomba unisaidie kabla ya Jumatatu, maana nimejiingiza pabaya kwa mikono yangu mwenyewe. Mimi ni fundi wa programu hapa Kolwezi, na miaka kumi iliyopita niliandikia kituo kimoja cha afya programu ya kuandikisha wagonjwa, mbaya kwa sura lakini inafanya kazi, mpaka zikaja kompyuta mpya zisizokubali tena madirisha na vitufe vya zamani, ikabidi sura yote niihamishie kwenye zana mpya za kuchorea, na hapo kichwa kikavimba, nikasema sasa watanijua, nikaweka vitufe vya mviringo na rangi ya bahari ambayo sijawahi kuiona, na kwa kuwa visanduku vitatu vya majina viliharibu urembo, nikabakiza nom na prénom, yaani jina la kwanza na la ubatizo, nikafuta postnom, lile jina la kati, mimi ambaye darasani tulikuwa watatu wenye nom moja na prénom moja, na mwalimu alitutofautisha kwa postnom tu.

Wiki iliyopita wakaja akina mama wawili, wote Kabamba Angèle, faili zikachanganyika, na yule wa miaka sitini na miwili akaitwa kupimwa mimba mbele ya watu. Ma sœur, mtawa anayesimamia kituo, akatuita. Mama Tshilombo wa mapokezi akasema, "Ma sœur, mi naandika vile naona pale. Postnom haiko tena na fasi." Nami, bingwa wa vitufe vya mviringo, nikadakia kwamba mama hajazoea, amekosea kuandika. Basi Jumatatu anaondolewa mapokezi, anapelekwa kufua mashuka. Jana kanisalimia getini, akiniita baba kwa heshima, "Jambo tata, batoto beko muzuri?" nikajifanya naongea kwenye simu, na simu ilikuwa imezimika. Nikisema ukweli, nani atanipa kazi tena? Na mke wangu Falonne anayenisifu kanisani, nimwambie nini?

Hénock

Hénock, pole, ingawa pole yangu kubwa inamwendea Mama Tshilombo. Nimecheka na barua yako mpaka nilipofika kwenye mashuka. Hapo nilikasirika, tena sana. Kukosea kazini kunatupata sote, lakini wewe umemtwika kosa lako mama aliyekuwa amesema kweli mbele yako.

Nenda kituoni leo, usingoje misa ya Jumapili. Omba Mama Tshilombo awepo, maana ulimsingizia akiwepo. Usianze kumweleza ma sœur habari za zana mpya, sema tu, "Ni mi njo nilikosea." Rudisha kisanduku cha postnom hata kikichukiza macho, kisha kaa na mama huyo mapokezi mpitie kila mgonjwa aliyeandikwa tangu ulipokifuta, kwa sababu safari ijayo itakuwa damu ya mtu. Yule mama wa miaka sitini na miwili mfuate kwake, umwombe radhi. Falonne mwambie mwenyewe, asisikie kwa wengine.

Umeniuliza kuhusu kazi yako na sifa zako kwa mkeo. Kazi ya Mama Tshilombo hukuniuliza hata mara moja, na ndiyo niliyokujibu.

Noëlla