Heri Niitwe Mzembe

3 Mei

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo, na mguu wako unaendeleaje? Sisi wazima, mjukuu wako ana miezi saba tumboni na anapiga mateke kama anadai haki yake.

Mama, nina neno la aibu. Ukishasoma, choma barua. Nikicheka au nikipiga chafya, mkojo unanitoka. Juzi kwenye cherehani mwenzangu alimwiga fundi mkuu anavyotembea. Nilicheka, nikalowa na kiti kikalowa. Kabla hawajaona nikajimwagia chupa ya maji tunayonyunyizia nguo za pasi. Maji yakaruka mpaka kwenye gauni la hariri la bibi harusi, likashika madoa. Fundi mkuu kaniita mzembe mbele ya wote, kaniondoa kwenye magauni, sasa nashona vifungo tu. Sikujitetea. Heri niitwe mzembe.

Siku hizi sinywi maji tangu asubuhi mpaka nirudi nyumbani. Mkunga sijamwambia, ni binti mdogo. Nifanyeje?

Mwanao

19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Tunamshukuru Mungu, ila mguu bado unasumbua, hivyo kuja wakati wa kujifungua sidhani.

Barua nimeichoma. Hayo ni mambo ya mimba, yatapita. Vaa nguo za rangi nzito, punguza kucheka. Usimwambie mtu, hata mumeo.

Mama yako

11 Juni

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kitandani hospitalini, usishtuke. Nilianguka kazini, homa kali na uchungu kabla ya wakati. Njia ya mkojo imeingiwa na maradhi, na kutokunywa maji kumezidisha. Kidogo tumpoteze mtoto. Uchungu wameutuliza, lakini bado wananiangalia.

Mkunga aliniuliza mara mbili kwa nini sinywi maji, nikamdanganya. Mara ya tatu nilikuwa nimelowesha shuka, uongo ukaniishia. Hakucheka. Alisema wajawazito wengi wanapata, akanifundisha kubana na kuachia misuli kule chini, kama mtu anayezuia mkojo.

Ni jambo dogo hivyo, Mama. Kwa nini uliniambia nisiseme?

Mwanao

24 Juni

Mwanangu,

Nakuamkua kwa macho ya chini. Nimeambiwa umerudi nyumbani na mtoto bado yumo tumboni salama, nimelia kwa furaha.

Mguu wangu mzima. Umekuwa mzima siku zote. Kinachonisumbua ni hicho chako, tangu nilipokuzaa, wala si kosa lako. Ulidhani sikuja harusini kwa kumdharau mumeo. Mwanangu, niliogopa kukaa kwenye basi kwa saa tisa nzima. Nilikuwa nimeshona nguo ya kuvaa, ipo kabatini.

Nilikufundisha kuficha kwa sababu ndicho nilichokijua. Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa na bado nikaficha, na kidogo nimponze mjukuu wangu. Nisamehe.

Jana nilikwenda zahanati. Nilipoulizwa naumwa nini nikasema mguu, wakanipa dawa ya kuchua. Nilirudi nayo nyumbani nikajiona mjinga. Leo nimekwenda tena. Muuguzi wa kike hakuwepo, alikuwepo kijana wa kiume, umri wako. Nikamwambia ukweli hivyo hivyo, nikiangalia ukuta. Akawa anaandika bila kuinua kichwa. Akaniuliza tatizo limeanza lini. Nikamwambia, miaka ishirini na sita.

Akaweka kalamu chini, akaenda kufunga mlango.

Mama yako