Mkaguzi Aliyeketi Upande wa Dirisha

Karakana ya samani, nyuma ya shule
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Dada,

Kabla sijasema lolote, nijibu kwanza: magoti yanaendeleaje? Baridi ya huko imekuachia hata kidogo, au bado unavaa nguo juu ya nguo kama kitunguu? Uliposema mnasimama kutwa nzima mkiwahudumia wale wazee, roho iliniuma. Jikande maji ya moto, usijifanye chuma. Chuma nacho hushika kutu, uliza fundi.

Sisi huku wazima. Mama anakula, analala na anagomba, kwa hiyo ujue afya iko kamili. Wifi yako yuko na cherehani yake. Mimi nimeng'olewa jino, na daktari mwenyewe alikiri hajapata kuona mtu jasiri kama mimi. Wifi yako anadai kelele zangu zilifika barabarani. Usimsikilize, ana wivu.

Sasa tuje kwa binti yako, maana najua ndiye aliyekuweka roho juu. Uliniagiza mimi, mjomba mtu, nimkalishe chini nimwambie aache kuchanganya Kiswahili anapofundisha Kiingereza. Mkuu wa shule ameshamwonya, na muda wake wa majaribio ndio huo unakwisha. Asipothibitishwa kazini, ulisema, afunge mizigo aje kwako, kazi ya huko umeshamwombea.

Nilikubali, Dada, tena kwa kifua mbele. Nani mwingine wa kusema habari za lugha katika ukoo huu? Mimi niliyevuka mipaka na malori, nikapatana bei ya matairi na ya chakula kwa lugha ambazo hata sijui majina yake! Ni kweli shule niliiacha darasa la sita, lakini tuliachana kwa amani, kila mtu na njia yake.

Basi nikaenda darasani kwake, nikijifanya nakaza bawaba za dirisha. Kile chumba kina dirisha upande mmoja na mlango upande wa pili. Katikati ya sakafu binti yako alikuwa amechora mstari wa chaki. Akisimama upande wa mlango ni Kiingereza kitupu, hata ukipiga chafya upige kwa Kiingereza. Akivuka mstari kuja upande wa dirisha ni Kiswahili: hapo mtu anauliza asichoelewa, anabisha, anacheka. Kisha anarudi mlangoni, na jambo lilelile linasemwa upya kwa Kiingereza. Na mstari wenyewe hautulii, kila kidato kina wake. Kila muhula anausogeza kuelekea dirishani. Kidato cha kwanza wana nusu ya chumba. Kidato cha nne wamebakiwa na kona ya kutosha mtu mmoja na ndoo. Wanafunzi wamembatiza jina: Mwalimu Huku-na-Huku.

Nikamwuliza, kwa nini usikitupe hicho Kiswahili kama mkubwa wako anavyotaka, ukaishi kwa raha?

"Mjomba," akaniambia, "nikiwafungia upande mmoja wananyamaza. Na mtoto akinyamaza, mimi sijui kama nimemfundisha au nimemtisha."

Nikarudi kukaza bawaba niliyokuwa nimeshaikaza. Kwa hiyo karipio lako sikulifikisha. Kama una hasira, nitupie mimi, mgongo ninao.

Hata hivyo usidhani binti ni mkaidi. Siku ya ukaguzi alishika amri. Alifuta mstari asubuhi na mapema, akapiga na deki, akaapa kwamba siku hiyo ni mlangoni tu, kufa na kupona. Mkuu naye akaniita: fundi, mtafutie mkaguzi kiti cha heshima. Nikatoa kile cha mbao ngumu nilichokuwa nimewekea bei ya matajiri. Nikakifuta mpaka kikawa kama kioo. Nikaona mtu mzito kama yule asitoke jasho, nikakiweka dirishani, penye upepo. Nikajipongeza, nikatoka nje kumalizia bawaba zangu.

Mstari ulifutwa sakafuni, Dada. Vichwani mwa watoto ulikuwapo vilevile. Na mimi, kwa akili zangu zote, nilikuwa nimemketisha mkaguzi katikati ya Kiswahili.

Somo likaanza vizuri. Walisoma hadithi ya mtu aliyemwuza punda wake akaja kujuta. Binti yako pale mlangoni anatiririka, watoto wanaitikia, mkuu anatabasamu kama bwana harusi. Ndipo mkaguzi, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko koti lake, akiwa palepale kitini akauliza kwa Kiingereza kwa nini yule mtu alijuta. Akasimama msichana mmoja wanayemwita Chiriku, maana hanyamazi. Akamgeukia mkaguzi kwa adabu zote:

"Alidhani punda ndiye mzigo, mheshimiwa. Kumbe mzigo ulikuwa uvivu wake mwenyewe."

Kwa Kiswahili safi! Mkaguzi akarudia swali, taratibu zaidi na kwa sauti zaidi. Chiriku naye akarudia jibu taratibu zaidi na kwa sauti zaidi, kwa Kiswahili kilekile, kama mtu anayemsaidia babu asiyesikia vizuri. Mkuu wa shule alikuwa amesimama ukutani. Nilimwona anautafuta ukuta kwa mgongo, kama anayetaka ummeze.

"Hili darasa linafundishwa lugha gani?" mkaguzi akafoka. Na alifoka kwa Kiswahili, Dada. Nadhani hata mwenyewe hakujua kama amevuka.

Mkuu akamkonyeza binti yako amkemee Chiriku. Ingekuwa rahisi. Lawama zingemwangukia mtoto, na mwalimu angepona. Nilimwona mwanao anaweka kitabu chini. Bisibisi ikanidondoka. Kisha akatoka mlangoni, akavuka mpaka dirishani, akasema kwa Kiswahili:

"Samahani, mheshimiwa. Kosa si lake. Umekaa upande wa Kiswahili. Nakuomba usogee mlangoni, umwulize tena."

Mkuu alifumba macho. Mimi huku nje nilikuwa nimeshaanza kukufungia mizigo ya mwanao kichwani.

Mkaguzi akainuka polepole, akakibeba kiti mwenyewe mpaka mlangoni, akaketi, akauliza lile swali. Chiriku akafungua mdomo, na Kiingereza kikamtoka kama maji ya bomba. Mwenzake akasimama kumpinga, wa tatu akawapinga wote wawili, wakamgombania yule punda mpaka nikamhurumia. Mimi nilielewa yote, isipokuwa maneno.

Mkaguzi akasikiliza muda mrefu. Halafu akainuka tena na kiti changu, akarudi nacho dirishani, akauliza kwa Kiswahili: huu mtindo wenu nyinyi mnauonaje? Kisha msichana wa dawati la mwisho, ambaye saa nzima hakuwa amesema neno, akajibu bila kunyanyuka:

"Huku naweza kusema sijaelewa. Kule sikuwa najua hata pa kuanzia kulisema hilo."

Mkaguzi alimpa binti yako mkono, akaondoka. Siku zilizofuata nyumbani hapakukalika. Mwanao alikuwa akisikia lango linagongwa anasimama na sahani mkononi.

Majibu yamekuja Alhamisi. Amethibitishwa, Dada. Wamempa sharti moja: kidato cha nne ile kona ifungwe kabisa, wakae mlangoni wote. Amekubali, akasema ndiko alikokuwa anaelekea. Mkuu hajafurahi sana, lakini salamu anaitika.

Sasa nisikilize vizuri, mimi mdogo wako ninayekupenda. Hatakuja. Alitaka kukuandikia mwenyewe, akashindwa. Anaogopa atakuumiza, kwa sababu anajua jinsi ulivyokuwa unamsubiri. Nikamwambia aniachie mimi, uso wangu umezoea vibao.

Sidhani kama ulimwombea ashindwe. Hilo halina nafasi moyoni mwako. Lakini kutwa nzima unafanya kazi, unaomba maji na unaomba radhi kwa lugha ya watu, na jioni unataka tu mtu mmoja wa kukuita Mama. Nalielewa hilo. Huko malorini nilishawahi kukaa wiki nzima bila kutaniwa na mtu, kwa sababu hakuna aliyejua maneno ya kunitania, na nilikonda. Mimi, kukonda!

Kwa hiyo njoo wewe. Si kwa kurudi moja kwa moja, sijasema hivyo, njoo likizo tu. Nauli tutachangishana. Nitakupeleka darasani kwake ukamwone anavyovuka huku na huku. Ni wewe mtupu: shingo ileile, mkono uleule kiunoni. Utakaa upande wowote unaotaka, hakuna atakayekuuliza.

Mama anakusalimu na anasema umekonda, ingawa hajakuona. Wifi yako anakusalimu sana, anaomba vipimo vya gauni. Wapwa zako wote wanakusalimu kwa makelele. Nisalimie yule mwenzako mnayeshirikiana chumba, mwambie mdogo wako bado ni mtanashati. Mwenyezi Mungu ayalainishe magoti yako, akufungulie riziki na akurudishe kwetu ukiwa unacheka.

Na leo ukimaliza kusoma, lia kwanza. Ukishamaliza kulia, ndipo ujivunie mwanao. Usianze na kujivunia, utakatizwa na machozi, mimi nimeshajaribu.

Ndugu yako akupendaye hata ukininunia,
Fundi