Ngoma Kwenye Kona ya Kawetire

Mlandege, Iringa
12 Februari 1973

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu, na mwinjilisti Eliezeri anayekusomea haya, namshukuru kwa macho yake. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Ninyi hamjambo huko Usangu? Mvua imewafikia? Ng'ombe wanashiba, au mmeanza kuzungumza habari za kuhama tena?

Magoti ndiyo habari yenyewe. Kazi hapa dukani kwa Mzee Mulji inaendelea vizuri. Nimeshajua kunyoosha rimu na kuziba pancha hata nikifumba macho. Lakini ni kazi ya kukaa, baba, na kukaa unajua sikuzaliwa nako. Basi Jumamosi tukishafunga duka, vijana tunapanda na baiskeli zetu hadi juu mjini, na kutoka hapo tunashindana kuteremka mpaka darajani Ipogoro. Tunavua kila kitu: madigadi, keria, kengele, hata breki, ili chombo kiwe chepesi. Breki ni mguu. Unakandamiza katambuga, kile kiatu cha mpira, kwenye tairi la nyuma mpaka unasikia harufu ya mpira unaoungua.

Jumamosi iliyopita nilikuwa wa tatu. Nilianguka, nikaamka na baiskeli yangu. Tangu siku hiyo silali vizuri, si kwa maumivu, ni kwa hamu. Kutoka Jumatatu hadi Ijumaa napitisha siku tu.

Usimwambie mama habari za magoti.

Mwanao,
Malimi


Rujewa, Usangu
5 Machi 1973

Malimi, baba,

Mwangaluka. Barua imefika, tumeisikia, na mama yako amesikia magoti kwa sababu alikuwa amekaa hapa hapa. Sisi tuna afya. Mvua ni ya kubembeleza. Ng'ombe mweusi amezaa jike. Wachina wa reli wanapasua miamba huko Chimala, na mlio ukifika hapa ndama wanakimbia ovyo.

Sasa tuongee kama wanaume. Umeingia kwenye mashindano, na mimi baba yako nimekuwa manju wa ngoma tangu kule Maswa, kabla hatujahamia huku. Kwa nini hukuniuliza kwanza? Mshindani wako ni nani? Alisimama upande gani? Watu wangapi walimwacha wakaja kwako? Usinidanganye na huo utatu wako. Kwenye mashindano hakuna wa tatu. Kuna mwenye watu na kuna mwenye vumbi.

Halafu, una kinga gani? Hakuna mtu anayeingia uwanjani mtupu. Yuko mzee hapa jirani ambaye

(Mimi Eliezeri naandika kama ninavyoambiwa, ila habari ya dawa nimekataa kuiandika. Mzee amenuna. Tumeendelea kesho yake.)

Kula vizuri. Mwenye njaa hachezi.

Baba yako,
Bujiku


Mlandege, Iringa
2 Aprili 1973

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kununa. Mwambie Mwinjilisti amefanya vema. Mimi sijambo na magoti yamefunga. Hongera kwa ndama.

Barua yako nimeisoma nikicheka mpaka Mzee Mulji akaja kuuliza kuna nini. Nilipomweleza akasema, "Malimi, baba yako iko sawa, tena muulize kama iko na dawa ya mtu kichwa ngumu." Ananisema kila Jumatatu nikiingia nachechemea, lakini spoku nzuri huwa ananiwekea mimi.

Baba, hapa watu hawahesabiwi. Anayetangulia kufika chini ndiye mshindi, hata kama hakuna hata mmoja aliyemtazama. Ndivyo ilivyo, hakuna lingine.

Na sasa mimi ndiye ninayetangulia. Jumamosi tatu mfululizo hakuna aliyeniona usoni tangu juu hadi darajani. Kwa hiyo nimechaguliwa kwenda Mbeya siku ya Saba Saba. Tutateremka kutoka Kawetire, kule juu kwenye njia ya Chunya, hadi mjini. Changarawe tupu, na kona zake wanasema ukikosea moja utaokotwa na wakata kuni. Wa kuogopwa ni fundi mmoja wa Mbalizi anaitwa Jailos. Hajapitwa na mtu kwenye ule mlima.

Nikikaa mezani kula, miguu inaendelea kuzunguka chini ya meza.

Mwanao,
Malimi


Rujewa, Usangu
20 Mei 1973

Malimi, baba,

Mwangaluka. Huku ni wazima, tunavuna mpunga, migongo inatuuma na tunashukuru. Mama yako anauliza kama unavaa sweta.

Mashindano ya kufika chini! Jiwe nalo linafika chini, nani amelipa kombe? Sikubishii, wewe ndiye uliyeko huko. Lakini sikiliza. Kule Maswa sisi wa kundi la Bagika tulisimama upande huu, wale wa Bagalu upande ule, ngoma zinalia kwa pamoja, na watu katikati wanachagua kwa miguu yao. Siku moja niliwanyang'anya uwanja mzima mpaka wake zao wenyewe wakahamia kwangu. Hakuna aliyeuliza nani ameshinda. Mwamuzi ana macho kama mtu mwingine. Atampaje kombe mtu asiye na watu?

Saba Saba ni baada ya mavuno, na huo ndio wakati wenyewe wa ngoma. Nimechoka kutazama mikia ya ng'ombe. Mama yako anasema wewe na mimi Mungu alitunyima makalio ya kukalia. Nitakuja Mbeya.

Baba yako,
Bujiku


Mlandege, Iringa
11 Juni 1973

Baba yangu,

Shikamoo. Poleni na mavuno. Sweta ninavaa. Mimi ni mzima kuliko nilivyowahi kuwa, maana nimesoma neno lako la mwisho mara nyingi hadi karatasi imelegea.

Nitakwambia jambo ambalo sijawahi kukwambia. Nikiwa mtoto, watu walikuwa wakinionyesha kwa kidole: yule mtoto wa manju. Mimi nikakutazama wewe ukicheza, siku zote. Wewe hujawahi kunitazama mimi nikifanya kitu chochote ambacho ninakiweza. Si lawama. Sikuwa na kitu ninachokiweza. Sasa ninacho.

Jailos atakuwa na watu wake wote wa Mbalizi, watajaa pale mwisho wanamwimba. Mimi sitakuwa na mtu isipokuwa wewe. Ukishuka kwenye gari ulizia njia ya Chunya, halafu ukae mwisho kabisa penye utepe. Ukikaa hapo utaniona nikitokea.

Mwanao anayekungoja,
Malimi


Rujewa, Usangu
22 Julai 1973

Malimi, baba,

Pole. Pole sana. Nilikaa nje ya wodi mpaka walipomaliza kuunga mfupa, nikaingia nikakuta umelala kwa dawa, nikakushika mguu ule mzima. Nesi Tusekile akaniambia hutaamka hadi kesho. Wenzangu walikuwa na ng'ombe nyumbani hawana mtu, nikaondoka nao. Mama yako hanisemeshi tangu nimerudi.

Uliniandikia kwamba huna watu. Ningefanyaje? Nilikusanya wachezaji wetu, wanaume wenye nguvu zao, tukapanda lori na ngoma kubwa mbili. Tulipofika pale penye utepe nikakuta umati wa Jailos, na kipaza sauti, na mwamuzi anacheka nao. Nikasema mtoto wangu ameshindwa kabla hajafika. Nikawapandisha wenzangu hadi ile kona ya mwisho yenye mikaratusi, tukapiga. Malimi, hawakuchelewa! Waliacha utepe, wakaacha kipaza sauti, wakapanda mlima kutufuata, hata watu wa Mbalizi. Nilitaka ukitokea uwakute wote ni wako.

Sikujua kwamba chombo hicho hakisimami.

Lakini nakwambia ukweli wa ngoma. Ulipolala pale mtaroni, yule Jailos alipita akafika kwenye utepe peke yake, hapakuwa na mtu wa kumpigia hata kofi. Watu wote walikuwa kwako. Kwa sheria yetu sisi umeshinda. Nimewaambia hivyo hapa kijijini.

Upone haraka.

Baba yako,
Bujiku


Hospitali, Mbeya
30 Julai 1973

Baba,

Shikamoo. Naendelea.

Nimeshinda nini? Watu walikuja kutazama mfupa uliotoka nje ya ngozi. Wangekuja vilevile kumtazama ng'ombe aliyegongwa.

Nilikwambia ukae penye utepe. Niliandika. Mwinjilisti alikusomea. Nilikuwa wa kwanza, baba. Jailos alikuwa nyuma anakula vumbi langu, na imebaki kona moja, na mjini ninaanza kupaona. Nikaisikia ngoma. Nikaitambua, ningeitambua hata usingizini, nikafurahi kama mjinga. Halafu nikatokea na barabara yote ni migongo ya watu, na mgongo wa mbele kabisa ni wako. Mikono juu, unacheza.

Nilikuita uje unione. Ulikuja kutazamwa wewe, kama siku zote, na mimi ukanipa mgongo.

Usije tena ninapokimbia.

Malimi


Mlandege, Iringa
10 Septemba 1973

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Nimerudi Iringa, natembea kwa fimbo. Mguu umepungua kidogo urefu, lakini daktari anasema viatu vitaficha. Mzee Mulji amenipa kiti cha dukani niuze viraka na gundi. Kukaa tena. Nahesabu lori zinazopita.

Sijapata barua. Labda imepotea njiani. Kama haikupotea, basi na iwe hivyo, ila mama anaweza kuniandikia yeye.

Mwanao,
Malimi


Mlandege, Iringa
28 Oktoba 1973

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Mama hajambo? Wewe hujambo?

Alikuja mtu wa Rujewa kununua cheni. Nikamuuliza habari zako nikijifanya nauliza bei ya mchele. Akasema upo, unachunga, ila ngoma haijasikika kwako tangu Saba Saba, na harusini ulipoitwa upige ulisema mkono unauma. Nilifunga duka mapema siku hiyo. Sikuweza kazi tena.

Baba, mkono wako hauumi. Ni mimi. Niliandika maneno yale nikiwa nimelala chali natazama bati, na kila neno lilikuwa linanipoza wakati ule. Sasa yamenirudia. Tena siku ile hata kama pangekuwa na mbuzi barabarani, nisingeweza kusimama. Breki nilizivua mimi kwa mikono yangu.

Jambo lingine, nalo kuliko ulisikie kwa watu, heri ulisikie kwangu. Nimepanda tena. Polepole mwanzoni, sasa si polepole. Nimefunga breki zote mbili, vijana wananicheka. Siku ya Uhuru tutateremka hadi Ipogoro. Nimejaribu kuacha na siwezi. Nikiacha navunja vitu vya watu dukani.

Njoo. Kaa popote unapopenda. Njoo na ngoma ukitaka.

Mwanao,
Malimi


Rujewa, Usangu
18 Novemba 1973

Malimi, baba,

Mwangaluka. Sisi wazima. Mama yako ameanza kunisemesha. Mvua bado.

Mwinjilisti amekuja na kalamu mara nyingi nikamrudisha. Barua haikupotea, na hasira sikuwa nayo. Sikuwa na la kuandika. Leo ninalo.

Unasema nilikupa mgongo. Ni kweli. Lakini niligeuka, Malimi. Nilisikia watu wanapiga kelele ambayo si ya ngoma, nikageuka, na wewe ulikuwa karibu kama mlango huu. Niliuona uso wako. Mbele yako kulikuwa na mimi, na kando kulikuwa na mtaro wa mawe. Nikaona umenitambua, kisha nikaona umepindisha usukani kwa makusudi.

Nimepigwa fimbo viwanjani, nimerogwa, nimefukuzwa Maswa usiku pamoja na ng'ombe wangu. Hofu sikuijua. Nimeijua pale. Sasa kila nikishika ngoma nauona ule uso, mikono inaisha nguvu. Hiyo ndiyo habari ya mkono.

Kwa hiyo sitakuja. Ulinitaka nikuone, nimekwisha kukuona, na sidhani kama kuna baba aliyewahi kumwona mwanawe zaidi ya hapo. Siwezi kuona mara ya pili.

Sitakukataza. Mimi nilikatazwa na baba yangu kucheza, na unajua nilivyotii. Teremka. Ila siku hiyo hiyo, ukishafika chini, niandikie. Aliyeshinda simtaki, wala idadi ya watu siitaki. Niandikie tu kwamba umefika. Basi la Mbeya linapita hapa asubuhi, dereva namjua, mpe yeye barua mkononi. Nitakuwa barabarani nangoja.

(Mimi Eliezeri: Mzee ameniomba nimsomee haya yote tena, kisha akasema, hayo hayo.)

Baba yako,
Bujiku


Ipogoro, Iringa
9 Desemba 1973

Baba,

Shikamoo. Nimefika. Sijanawa hata mikono.

Mwanao,
Malimi