Macho ya baba yetu

Jumanne

Ndugu yangu mukubwa Saidi amekufa. Askari wa bariyeri ya barabarani walimwambia simama. Walikuwa pembeni, hakuwaona, akaendelea kutembea. Wakamupiga risasi.

Kwenye mazishi muganga wa hospitali akaniuliza, "Na baba yenu alikuwa kipofu?"

Nikasema ndiyo, jirani Hamisi alimuroga.

"Hapana, ndugu. Ni presha ya macho, iko mu damu yenu. Inaanza kuficha pembeni. Na wewe upimwe."

Nipimwe wapi? Barabara ya kwenda hospitali ya macho Bujumbura imefungwa.

Hamisi tulimunyima salamu miaka yote. Leo ndiye alichimba kaburi.

Nimejaribu kunyoosha mukono pembeni. Siuoni. Binti yangu Zaina hana mama, ana mimi tu. Na yeye ni damu yangu.

Kesho narudi kazini, kupanda juu ya mingazi, kukata mikungu ya mawese.