Q Niliyoidhania O

S.L.P. 318,
Warri, Nigeria.
Tarehe 9 Februari 2019.

Mpendwa mdogo wangu Onoriode,

Hamjambo huko kwenye baridi? Natumaini kifua cha wifi yangu Ebruphiyo kimetulia, na watoto wanakwenda shule ingawa theluji imewafika magotini. Sisi huku tu wazima. Vumbi la harmatani, ule upepo wa jangwani, linakaribia kwisha, shemeji yako Okiemute anakohoa kidogo tu, nami ni mzima kuliko nilivyokuwa mwaka jana mzima. Hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Najua umenikasirikia. Kila ulipopiga simu nilikujibu maneno mawili, nikasema nina kazi jikoni. Hakukuwa na kazi. Niliogopa utanigundua.

Yalianza Julai, klabuni. Tangu nistaafu ualimu Jumamosi zangu zote ni za Scrabble, ule mchezo wa kupanga maneno kwa kete za herufi, na sifa yangu unaijua: Warri hii hakuna anayeniweza kwa maneno ya Kiingereza yenye Q isiyofuatwa na U. Siku hiyo nilicheza na Ufuoma, yule fundi wa jenereta. Nilihesabu kete zilizokwisha kutoka, nikaona Q bado, nikaingojea mchezo mzima. Mwishoni nikapanga COAT kwa maringo. Ufuoma akainama juu ya ubao, akasema taratibu, "Mama, hapa umeandika CQAT."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Ile Q niliyoingojea nilikuwa nayo mwenyewe muda wote, nikiidhania O.

Wiki mbili baadaye nikarudia kosa lile lile. Kisha nikaweka F mahali pa E, neno likapingwa, nikapoteza zamu mbele ya wasichana niliowafundisha mwenyewe kuandika majina yao.

Unajua nilimfikiria nani. Mama yetu naye alianza na vitu vidogo hivyo hivyo, chumvi kwenye chai, kiatu kwenye kabati la vyombo, hadi akafika kuniita kwa jina la muuza samaki. Nikajiambia, zamu yangu imefika.

Nikaacha klabu kwa kisingizio cha goti. Nikamwambia mwalimu mkuu wa shule yangu ya zamani atafute mwingine wa kuwanoa wale watoto wanne waliokuwa waende Asaba kwenye mashindano ya Scrabble ya jimbo. Hata Okiemute sikumwambia. Nilikuwa najifungia bafuni, nafungulia maji, nakariri majina ya wanao mmoja mmoja, nione kama bado ninayo.

Novemba, mchana mmoja, Ufuoma akaja nyumbani na bahasha. Nikamletea maji.

"Goti halijambo?" akauliza.

"Linauma."

"Umetoka jikoni unatembea kama askari wa gwaride. Kaa chini, Mama, tuache utani."

Kwenye bahasha mlikuwa na karatasi za michezo yetu yote, amezipiga mistari myekundu. "Umekosea mara kumi na moja," akasema. "Tisa ni Q na O. Mbili ni E na F. Najua unachokiogopa, lakini akili inayosahau haichagui hivyo, inakomba kila kitu. Hebu nitajie maneno yenye Q bila U."

Nikaanza. QI, QAT, QADI, FAQIR, TALAQ, NIQAB, QIBLA, TRANQ. Nilipofika la ishirini na sita akainua mkono ninyamaze.

"Sasa niambie, saa ile ukutani ni saa ngapi?"

Nikaitazama saa yangu mwenyewe, iliyo ukutani miaka kumi na mitano. Niliona duara jeupe.

"Jenereta ikikataa kuwaka," akasema, "mimi sianzi kwa kuvunja injini. Naangalia plagi kwanza. Nenda kapime macho."

Nilikwenda Jumatatu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nikamuuliza kama ni hilo tu. Akasema ndiyo. Nikamuuliza tena, na tena, kisha nikalia hadi kitambaa kikalowa. Maskini, alidhani naogopa kisu.

Jicho la kulia limepasuliwa Januari, la kushoto linangoja Machi. Siku ya kuondolewa bandeji wa kwanza niliyemwona ni Okiemute. Nikamuuliza, "Wewe umezeeka lini?" Akajibu, "Mwaka juzi. Ulikuwa hutazami." Kisha akageuka dirishani akajifuta macho, akisema ni vumbi.

Watoto walikwenda Asaba bila mimi, wakawa wa tatu. Hilo bado linaniuma. Lakini Jumatano hii wamekuja barazani kwangu, wakanifunga kwa alama arobaini, na safari hii sikuwa na kisingizio.

Nawe kapime macho, Onoriode. Damu ni moja.

Kuna jambo moja nikuungamie. Oktoba niliandika barua nikikuomba uje upesi, kabla sijakusahau jina. Sikuweza kuituma. Jana nimeichana. Ila ombi la kuja sikulichana. Njoo tu, hata kama hakuna mgonjwa. Nataka nikutazame.

Msalimie sana wifi yangu, na wanangu Efetobore, Runo na Mitaire, majina hayo nimeyaandika bila kuuliza mtu. Okiemute anakusalimu, na Ufuoma pia, anasema bado anakudai mchezo wa marudiano tangu ulipomfunga mwaka ule ulipokuja. Mungu awalinde kwenye barafu hiyo, na atuonyeshe nyuso zetu tungali na macho ya kuziona.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Eguono