Baba Mkwe Anataka Niukane Mwisho wa Picha

Mpendwa mshauri Bi Mwanamwema,

Naomba msaada wako, na nikisema msaada sina maana ya kubembelezwa, kwa sababu kulia nimekwisha kulia, sasa nimebaki na hasira tu, na hasira hii nisipoiandika nitakuja kuitoa mahali pabaya. Mimi ni msichana wa huku Shume, nashona nguo, nimechumbiwa na kijana anaitwa Leonard wa kiwanda cha mbao, na mahari ilikwisha kuzungumzwa, wazee wakanywa chai wakaridhika, na leo uchumba wangu umesimama, tena haukusimama kwa sababu ya tabia mbaya wala uvivu wala ugonjwa, umesimama kwa sababu ya sinema. Usicheke. Dada zangu wamecheka na sijawasamehe.

Gari la sinema lilipopanda milimani lilianzia Lushoto mjini, na mimi na Leonard na rafiki yangu Selina tukateremka na lori la mboga kwenda kuangalia, maana sisi watatu ni watu wa picha, gari likija hatukosi, na wakati wa kurudi njia nzima ni kubishana, steringi alikosea wapi, adui alistahili kufa au kufungwa. Kwanza wakatuonyesha ile filamu ya kufundisha mbolea kama kawaida yao, halafu ikaja picha ya Kihindi. Mwanamke ana cherehani aliyopewa na mama yake, mumewe anaichukua bila kumwuliza, anaiuza ili amwokoe kaka yake aliyeponzwa na kamari, mwanamke anarudi kutoka kisimani anakuta pale ilipokuwa cherehani pamebaki alama kwenye vumbi, anafunga mzigo, anamshika mtoto mkono, anakwenda kwao. Mwishoni mume anaitafuta ile cherehani mji mzima mpaka anaipata, anaibeba kichwani mwenyewe hadi kwa wakwe zake, anaitua mlangoni na kuomba radhi mbele ya watu. Nililia, Selina alilia, na Leonard njiani alisema, maneno yake nayakumbuka hivi hivi, "Angepata akili mapema asingebeba chuma kile kichwani. Kitu cha mtu ni cha mtu." Sikufichi, siku ile nilimpenda zaidi.

Kesho yake gari likaja kwetu. Mimi sikwenda, nilikuwa na sare za shule za kumalizia, lakini Selina alikwenda kuiona mara ya pili, na ndiye aliyenieleza. Ukungu wa Shume hauombi ruhusa. Picha ilipofika pale mwanamke anafunga mzigo, ukungu ukateremka kutoka msituni ukakaa katikati ya projekta na shuka, watu wakawa wanatazama weupe mtupu, na Bartholomeo, yule bwana wa gari anayefasiri kwa kipaza sauti, alipoona wazee wamejifunga mablanketi yao mstari wa mbele na hawana nia ya kuondoka, akazima mashine akawasimulia mwisho kwa mdomo. Na alichowasimulia ni kwamba mwanamke alifika kwao, baba yake akamfukuza, akarudi kwa mumewe analia, akapiga magoti, akasamehewa, wakaishi kwa raha, na cherehani haikutajwa tena! Wazee wakapiga makofi. Mzee Tobia, baba yake Leonard, ndiye aliyepiga zaidi.

Sasa kwetu mahali pa kuzungumzia picha ni shamba la kijiji. Tunapolima viazi vya ujamaa kila mtu ana tuta lake, aliyeona picha anasimulia, wengine wanamjibu kutoka kwenye matuta yao, jembe linakwenda na ubishi unakwenda, na siku ya ubishi mzuri viongozi wenyewe wanajua kazi inakwisha mapema. Basi Mzee Tobia akasimulia mwisho wake, magoti na machozi, halafu akasimamisha jembe akasema, "Huyo ndiye mwanamke. Wasichana wa siku hizi msikie," na macho yake kwangu. Nami nikasema kwa adabu, baba, Lushoto tuliona vingine, nikaeleza tulivyoona. Akaniuliza, "Unanifundisha nilichokiona kwa macho yangu?" Nikamjibu neno moja dogo, watu wakacheka, tukaendelea kulima, nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Jioni ya pili alikuja mshenga, Mzee Athumani, hata kiti alikikataa, akasema, "Mwanangu, nimetumwa, usinikasirikie. Mzee anasema posa imesimama. Mpaka usimame palepale shambani, mbele ya watu walewale, useme mwanamke yule alikosea, na useme mwisho ule wa Lushoto uliutunga wewe." Niliutunga mimi! Selina alipokwenda kunitetea akaambiwa ushahidi wa rafiki si ushahidi. Nikaona dawa ni Leonard, nikamfuata kiwandani, nikamwambia, wewe ulikuwapo, mweleze baba yako. Akawa anatazama msumeno.

"Zipora, mwisho ule sikuuona vizuri. Nadhani nilisinzia."

"Ulisinzia umesimama, Leonard?"

"Kubali tu yaishe. Ni sinema."

Nikamwambia, kama ni sinema tu basi akubali baba yako. Akawasha mashine.

Niongeze kwamba lile neno dogo nililomjibu mzee lilikuwa hili, "Baba, wewe hukuona picha, uliona ukungu," na je, si kweli? Kwamba watoto wa kijiji sasa wanamwita Mzee Ukungu si kosa langu, mimi sikuwatuma. Na jambo jingine, ingawa halihusiani, mimi pia nina cherehani, aliniachia marehemu mama yangu, na wakati wa kuzungumza mahari Mzee Tobia aliuliza mara mbili kama nitakuja nayo, kwa kuwa mke wa kaka yake Leonard kule Magoma anajifunza kushona.

Sasa niambie, niseme uongo mbele ya kijiji nipate mume ninayempenda, au nibaki na ukweli wangu na sindano zangu? Jina langu usilifiche, huku wote wananijua.

Zipora, Shume

*

Zipora mwanangu,

Jina lako nimeliandika, na ya wenzako nimeyaacha kama ulivyoyaleta, maana nilipofika kwenye ule msumeno nami nilikuwa sina tena hamu ya kumficha mtu.

Lakini nianze na wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyenijia mlangoni. Unaniandikia barua ndefu kama barabara ya Mombo, na "neno moja dogo" unaliweka chini kabisa, kama mtu anayeficha sahani aliyoivunja. Zipora! Mtu mzima, baba wa mchumba wako, ambaye kesho unatazamia akuite binti yake, unamwambia mbele ya kijiji kizima kwamba aliona ukungu? Halafu unaniuliza kama si kweli! Kweli ni kweli, nani amekataa. Lakini wewe umelelewa huko huko milimani ambako mtu hapiti mbele ya mkwe bila kusalimu na kuinama, na unajua ungeweza kusema, "Baba, labda sisi tulionyeshwa nyingine," mzee akabaki na heshima yake na wewe ukabaki na picha yako. Umempa jina ambalo atazikwa nalo. Watoto hukuwatuma, ila wewe ndiye uliyewapa la kusema, kwa hiyo usiniletee unyonge hapo.

Na wewe Bartholomeo, kama unasoma gazeti hili mahali gari lako lilipokwama, nina neno na wewe. Kazi yako ni kufasiri. Ukungu ukiingia sema, "Wazee wangu, ukungu umeingia, mwisho mtauona gari likirudi," watu wanywe uji wakalale. Nani alikupa ruhusa ya kumpigisha magoti mwanamke wa watu, ambaye hakupiga magoti, ili wazee wa mstari wa mbele wakupigie makofi? Picha hiyo nimeiona mimi hapa Tanga, ndani ya ukumbi wenye paa, na mashahidi ninao. Mume ndiye aliyerudi na cherehani kichwani, tena jasho linamtoka. Na nyinyi wa Lushoto kwa kulia kwenu mmeacha kitu kimoja: mwanamke hakumjibu. Alivuta kiti, akaangalia kwanza kama sindano ipo, akaanza kushona, na hapo taa zikawashwa. Sisi hapa tulibishana mpaka kituo cha basi, wengine wanasema amesamehe, wengine wanasema bado. Mimi ni wa bado.

Sasa Mzee Tobia. Kukasirikia lile jina ana haki, na mimi nikiitwa hivyo ningefunga mlango. Lakini haki yake inaishia hapo. Amedai mambo matatu kwa mpigo, uombe radhi, umhukumu mwanamke wa watu, na ujiite mwongo, na la kwanza tu ndilo deni lako. Msichana akisimamishwa shambani akane alichokiona, kesho atasimamishwa akane alichokitenda, na keshokutwa akane kilicho chake. Hilo usilifanye. Nakukataza kama mama.

Na hapa ndipo uliponiudhi kuliko wote, mwanangu. "Ingawa halihusiani"! Mtu anauliza mara mbili kama cherehani inakuja, ana mkamwana Magoma anayejifunza kushona, anakaa mbele ya picha ya mume aliyetoa cherehani ya mkewe kwa ajili ya kaka yake, anapiga makofi cherehani isipotajwa tena, kisha anasimamisha jembe na kukutazama wewe. Wewe unaona hayahusiani? Uliona picha nzima Lushoto, machozi yakakutoka, na ya nyumbani kwako hukuiona. Pengine mzee hana nia mbaya. Pengine kwao kitu kikiingia nyumbani ni cha nyumba nzima na hajapata kuwaza vingine, na siku hizi kila mkutano anasikia vitu ni vya wote, akachanganya shamba la kijiji na sindano ya marehemu mama yako. Lakini kabla ya harusi lazima ajue, na wewe lazima ujue kama amejua.

Amebaki Leonard. Mwanaume mzima, anabeba magogo, anamwogopa baba yake mpaka anasinzia akiwa amesimama. Kumheshimu baba ni jambo jema, sikatai, nami sitaki mtoto anayemfokea mzazi wake kwa sababu ya sinema. Ila angeweza kusema, "Baba, Zipora amekosa adabu, lakini alichokisema ndicho tulichokiona." Hapo angekuwa amekuheshimuni wote wawili kwa pumzi moja. Hakusema, alikuacha uitwe mwongo peke yako, na hilo limenikera kuliko ukungu wote wa Shume.

Utafanya hivi. Siku ya kazi nenda shambani mapema, kabla watu hawajatawanyika kwenye matuta yao. Mpe Mzee Tobia shikamoo yake, iwe ya kweli, si ya meno. Sema mbele ya watu walewale, "Baba, siku ile nilikujibu vibaya, naomba unisamehe." Kisha watazame wale watoto uwaambie wewe mwenyewe kwamba jina lile liishe. Usiongeze kitu, wala usitie "lakini" mwishoni, nakujua. Mtu akikuuliza habari ya picha, jibu kwamba uliona ulichoona, ushike jembe lako.

Baadaye mwombe Mzee Athumani awakutanishe nyumbani, baba yako awepo, Mzee Tobia awepo, na Leonard awepo. Picha msiitaje kabisa. Muulize Leonard, mbele ya baba yake, swali moja tu: "Nikiolewa, cherehani ya mama yangu itakuwa ya nani?" Ukishauliza, funga mdomo. Usimsaidie kujibu, usimkonyeze, usimwonee huruma akitoa jasho. Akijibu kama alivyojibu siku ile njiani kutoka Lushoto, hata kwa sauti ndogo, hata akitetemeka, basi huyo ni mume, mzee atakasirika wiki chache kisha atazoea, na mimi naomba kipande cha keki ya harusi.

Akisema hakumbuki, au akatafuta msumeno wa kutazama, simama, waage wazee kwa heshima, urudi ukamalizie sare za watoto. Utalia, na acha ulie. Yule mwanamke wa picha alikuja kumjua mumewe akiwa na mtoto mkononi na cherehani imekwishauzwa. Wewe utakuwa umejua ukiwa bado kwa baba yako, na cherehani yako ipo palepale unaposhonea, na sindano ndani yake.

Bi Mwanamwema