Kaseti ya Ijumaa

Tijuca, Rio de Janeiro
3 Julai 1986

Kwa kompadre wangu Jurandir,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo, kumadre Ivanilde, na Rosângela, binti yenu niliyemsimamia ubatizo tukawa makompadre, pamoja na ng'ombe wa baba mkwe wako ambao nasikia siku hizi ndio unaoshinda nao. Mimi ni mzima wa kutembea na kula. Jibini uliyonitumia Pasaka ilifika salama, nikaila peke yangu jikoni nimesimama, sikumgawia mtu. Baridi ya hapa ni ya kuvaa sweta asubuhi tu, lakini ya huko Minas naijua, kwa hiyo vaa soksi na usijifanye kijana.

Kumadre aliniandikia bila wewe kujua, na tafadhali usimkasirikie. Anasema tangu mhamie huko hujawasha redio hata siku moja. Anasema bendi ya mji ilikuomba uwasimamie vyombo siku ya Mtakatifu Yohane ukakataa, ukawaambia masikio yako yameoza na hutaki kuwaaibisha watu wazima na sare zao. Anasema pia kwamba padri amekubali kununua mashine yako ya kurekodi pamoja na hedifoni, na Jumapili ya tarehe 13 anakuja kuvichukua. Kompadre, nakuomba kwa magoti, usiuze. Isome barua hii mpaka mwisho kwanza, halafu uamue.

Wiki nzima nimekuwa nikiyapitia maisha yetu tangu mwanzo. Nakumbuka zile dansi za vilabu vya kitongojini mwaka 1966, mimi na kinanda kilichokuwa na vitufe viwili bubu, wewe ukikokota nyaya. Ulinisogelea ukaniambia, "Maestro, kinanda chako kinakohoa, kipeleke hospitali." Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita Maestro, na ulikuwa unanicheka. Siku ya pili ulikuja na bisibisi ukakitibu mwenyewe. Baadaye nikapiga piano hotelini kwa watalii waliokuwa wakitafuna huku nacheza, tukatengeneza nyimbo za matangazo ya sabuni na bia, mpaka kampuni ikatupa studio na kutuambia tufanye tunachotaka ilimradi kiuzike. Wapiga jazi walisema nimejiuza ili wasichana wacheze. Watu wa pop walisema muziki wangu una kona nyingi, mtu anahitaji leseni kuucheza. Wewe ulisema wote waende zao, tuongeze besi kidogo.

Halafu ukaja ule wimbo wetu wa tamthilia ya televisheni ya saa mbili usiku, na nchi nzima ikauimba ikiosha vyombo. Akaja Nilcéia, na sauti yake ile ya mtu anayekueleza siri, tukamtengenezea santuri saba. Mimi nilipanga fidla na matarumbeta na kukaa kwenye piano ya umeme, wewe ukachanganya sauti. Kwenye jalada jina langu liliandikwa mara tatu, kama mpiga kinanda, mpangaji na mtayarishaji. Lako liliandikwa chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, na hukuwahi kulalamika.

Nakumbuka zaidi mchezo wetu wa pale baa ya kona. Basi likipiga honi, wewe unawauliza watu ni noti gani, mimi nataja, mwenye filimbi anahakikisha, na aliyebisha anatununulia bia. "Sikio la huyu halikosei," ulikuwa ukiwaambia, "mimi nina masikio ya kazi, yeye ana sikio la Mungu." Ulilitangaza hilo kwa kila mtu mpaka likawa kama jina langu la pili. Nikikumbuka maneno yale sasa natamani kujificha chini ya meza.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mke wangu hakuwahi kulijua alipokuwa bado na mimi. Mwezi Machi mwaka jana nilikwenda kwa daktari wa masikio Copacabana, nikajiandikisha kwa jina la mjomba wangu. Alinifungia kwenye kibanda chenye dirisha la kioo, akaniambia ninyooshe mkono kila nikisikia mluzi. Kompadre, nilikuwa namwona kidole. Kila alipobonyeza nilinyoosha mkono, nikajiona mjanja. Alipofika katikati akachukua gazeti akafunika mkono wake, na kuanzia hapo nilikaa kimya kama mzigo. Alisema sauti zote nyembamba zimekwisha kwenye masikio yote mawili, hazirudi, na za katikati nazo ziko njiani. Alipendekeza nitafute kazi nyingine, nami nikiwa na miaka hamsini na mbili na sijui hata kukaanga yai.

Nilificha. Matoazi niliyapanga kwa kuutazama mkono wa mpigaji. Fidla nilizijua kwa sababu nilikuwa nimeziandika mwenyewe. Mchezo wa honi niliuacha nikasema ini langu limechoka na bia, na wewe ukanihurumia, ukawa unaniletea maji ya dafu. Mtu akinisemesha kwa nyuma nikimpuuza, walisema Maestro ameanza majivuno. Nilipendelea hayo kuliko ukweli.

Hapa ndipo mkono unapokuwa mzito. Ijumaa ile ya Juni mwaka jana ulipomaliza kuchanganya santuri ya mwisho ya Nilcéia, ulitia sahihi kwenye karatasi ya boksi la kanda kama ilivyo desturi, ukanirekodia kaseti nikaisikilize nyumbani. Ukanikumbusha nisichelewe kesho, kwa sababu Rosângela anapokea komunyo ya kwanza na baba yake wa ubatizo lazima asimame mbele. Nikaenda nayo nyumbani, nikaisikiliza, nikasikia muziki umefunikwa blanketi. Matoazi hayapo, fidla hazina pumzi. Moyoni nilijua ni mimi. Nilijua, Jura. Lakini nikajiambia labda kweli umekosea, nikashikilia hiyo labda kwa kucha.

Jumamosi asubuhi, mlipokuwa kanisani, mimi sikuwa kitandani na homa kama nilivyokuambia. Nilikuwa studio peke yangu. Nilizichanganya upya nyimbo zote kumi na moja, nikipandisha sauti nyembamba mpaka mimi nizisikie. Kanda yangu nikaiweka ndani ya boksi lako, lenye sahihi yako, nikaipeleka kiwandani mwenyewe kwa teksi. Yako niliifuta. Na kabla sijaifuta sikumwita mtu hata mmoja aje kunisikilizia, kwa sababu yule pekee ambaye ningemwita alikuwa kanisani akinitafuta kwa macho.

Unajua santuri ilivyotoka. Kila Nilcéia alipotamka "s" ni maji kwenye mafuta ya moto. Mtangazaji mmoja wa redio alisema hewani kwamba mbwa wake amekimbia nyumba. Nilcéia alilia, na Feitosa, mkurugenzi wa kampuni, akatuita sote ofisini na lile boksi liko mezani na sahihi yako juu yake. Ulisema sivyo ulivyoisikia. Ukanigeukia ukaniuliza kama kuna aliyeigusa, nikasema hakuna. Ukaniuliza kaseti iko wapi, nikasema nimerekodi kitu kingine juu yake. Ndipo Feitosa akamwuliza mwenye sikio la Mungu anaonaje, nami nikasema, kwa sauti ya upole kabisa, labda masikio ya Jura yamechoka. Hukubisha. Ulinitazama, ukayashika masikio yako kwa mikono miwili, ukasema kama Maestro amesema basi ni kweli. Afadhali ungenipiga ngumi.

Masikio yako ni mazima, kompadre. Hayajawahi kuwa na kasoro. Mwaka mzima umekuwa ukipima maziwa na kuogopa redio kwa ugonjwa ambao ni wangu.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Feitosa nikamweleza yote, na cheti cha daktari nikakiweka mezani. Alikisoma, kisha akasema, "Maestro, ulimkalisha mwenzako kwenye kiti chako cha moto, wewe ukaketi kwenye chake cha baridi." Alimpigia Nilcéia simu hapohapo, akanipa mkono wa simu. Sikuelewa neno hata moja, ikabidi nimrudishie anitafsirie kama mzungu aliyepotea njia. Nilcéia amesema Jura aitwe, na mimi nisikanyage tena mlango ule. Wanaanza kurekodi Jumatatu tarehe 14, na kiti chako kitakungoja mpaka siku hiyo. Baada ya hapo watamchukua mtu kutoka São Paulo. Barua ya kampuni inakuja, lakini nimetaka yangu itangulie, usije ukaenda ukidhani wamekusamehe kosa.

Mimi sina pa kwenda. Piano ipo sebuleni, napiga upande wa kushoto tu, maana upande wa kulia ni mbao zinazogonga mbao. Sikuombi unisamehe, na wala sikuombi unijibu. Ukija Rio na tukakutana njiani, pita tu.

Msalimie kumadre, mwambie barua yake imefanya kazi. Rosângela mwambie baba yake wa ubatizo hakuwa na homa, na kwamba msalaba wa fedha uliomo ndani ya bahasha ulinunuliwa kwa ajili ya Jumamosi ile.

Ndani ya bahasha pia utakuta kaseti mbili. Moja ni ile yako ya Ijumaa. Nilidanganya, sikuwahi kurekodi kitu juu yake. Nyingine ni santuri ilivyotoka baada ya mikono yangu. Sikuziandika majina, kwa sababu nimezisikiliza zote mbili tangu asubuhi, na kwa masikio yangu ya sasa, yaliyozidi kuzorota tangu mwaka jana, ni moja. Washa mashine yako, wewe utazitambua kabla ubeti wa kwanza haujaisha.

Wako,
Adalberto Quintela